Usiku tuliofukua mali ya Kapiteni Joubert



Dada mmoja wa promosheni yetu aliniuliza juzi kwa nini sisi watu wa historia tunaandika tu vita na mikataba, hatuandiki kitu ambacho mtu anasoma mpaka taa inazimika. Yeye anapenda zile riwaya za mapenzi ya Kikristo: iko askari anayemwogopa Mungu, iko binti wa kijiji, iko adui anayekuja usiku, na mahali fulani iko sanduku la dhahabu. Akasema, "Kwetu Kongo hatuna hadithi kama ile."

Tunayo, dada. Iko Tanganyika, kati ya Kalemie na Moba, pale Mpala ambapo mto Lufuko unaingia ziwani. Hadithi ile ilinilia mwaka mzima wa masomo. Leo nitaieleza yote, pamoja na sehemu ya aibu.

Nianze na aibu.

Baba mukubwa wangu alikuwa mvuvi. Alikuwa na mtumbwi mkubwa wenye mota, nyavu nzuri za ndagala, na yeye ndiye aliyenilipia masomo Lubumbashi. Likizo moja nikarudi nyumbani, nikamkuta na mgeni aliyetoka mjini. Mgeni yule alikuwa na karatasi ya zamani, au karatasi iliyozeeshwa kwa chai, sasa ndiyo najua. Ilichorwa ziwa, mto, nyumba na msalaba. Alisema ni ramani ya Kapiteni Joubert, yule Mzungu wa misioni, na kwamba Kapiteni alificha dhahabu ya mapadri wakati alipozungukwa na adui. Alikuwa pia na mashine ya kutafuta dhahabu, inayolia ikipita juu ya chuma. Basi ikapita nyuma ya ukuta mmoja wa zamani uliobomoka, ikalia. Mioyo yetu nayo ikalia.

Kila siku ikatoka gharama mpya. Dola za mafuta ya mashine. Dola za mtu wa kusoma ramani. Baba mukubwa akauza mota, halafu mtumbwi wenyewe. Mama mukubwa alipolia, alimjibu kwa Injili: si Yesu mwenyewe alitoa mfano wa mtu aliyekuta hazina shambani, akaenda kuuza vyote alivyokuwa navyo ili anunue lile shamba? Nani angembishia? Katekista mwenyewe alinyamaza.

Tulifukua usiku tatu. Mimi nilishika taa. Musiniulize kama niliamini, niliamini. Usiku wa kwanza tulipata misumari ya kutu. Usiku wa pili, vipande vya vyungu na shanga mbili za buluu, na yule mgeni akasema shanga ni mlango wa dhahabu. Usiku wa tatu jembe likagonga mfupa. Mgeni akasema tuendelee, hiyo ndiyo alama ya mwisho. Baba mukubwa akaacha jembe lianguke. Pale pale nkambo mmoja mwanamke, jirani yetu, akatokea gizani na kitambaa begani. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Munafukua nani?"

Hakusema "nini". Alisema "nani".

Kulipopambazuka tulirudisha udongo, na yule mgeni hakuonekana tena. Mwaka ule sikurudi Lubumbashi. Nilibaki nyumbani, nikisaidia kuvuta nyavu za watu wengine, na lile swali la nkambo likabaki ndani ya kichwa changu. Niliporudi chuo nilichagua historia. Sasa niwaeleze nani tulikuwa tunamfukua.

Kapiteni Joubert ni mtu wa kweli. Ludovic Joubert alizaliwa mwaka 1842 Saint-Herblon, magharibi ya Ufaransa. Akiwa na miaka 18 alikwenda Roma kuwa askari wa Papa, kati ya wale wa kujitolea walioitwa Zouave. Alipigana Castelfidardo mwaka 1860, na alikuwa bado askari Roma ilipoanguka tarehe 20 Septemba 1870. Papa akabaki bila nchi, na Zouave wakabaki bila kazi. Joubert akarudi kwao, kijana wa vita asiye na vita.

Wakati huo Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alikuwa anatuma mapadri wake kwenye maziwa makubwa. Njia ilikuwa ndefu: kutoka pwani ya Zanzibar, kwa miguu, kupitia Tabora, mpaka Ujiji, halafu kuvuka ziwa. Biashara ya watumwa ilikuwa imejaa njia yote ile. Lavigerie akawaza kuwapa mapadri walinzi wenye silaha, na akawatafuta kati ya wale Zouave wa zamani. Joubert akajitoa mwaka 1880. Alikaa huku miaka ya kwanza, akarudi Ufaransa mwaka 1885, na mwaka 1886 akaondoka tena. Safari hii hakurudi Ulaya mpaka kufa.

Mwaka 1887 alifika Mpala. Hapa lazima tusimame kidogo, kwa sababu Mpala haikuanza na mapadri. Mwaka 1883 Mbelgiji mmoja, Emile Storms, alitumwa na shirika la Mfalme Leopold II, akafanya undugu wa damu na chifu Mpala na kujenga boma. Mwaka 1885, baada ya Mkutano wa Berlin, Leopold akaacha kile kituo mikononi mwa Mapadri Weupe. Lavigerie alikuwa na ndoto kubwa zaidi: ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika. Joubert ndiye alitakiwa awe mkono wake wenye upanga. Akajenga kijiji chake Saint-Louis, huko Mrumbi, akafundisha bunduki kikosi kidogo cha watu wa palepale.

Na sasa, dada, mapenzi.

Tarehe 13 Februari 1888 Joubert alifunga ndoa kanisani na Agnes Atakao, mwanamke Mwafrika Mkristo. Bwana harusi alikuwa karibu na miaka 46.

Mukumbuke ni wakati gani. Katika miaka iliyofuata Kongo nzima ilijaa Wazungu wa serikali na wa makampuni walioishi na wanawake wa huku bila ndoa. Waliwaita "menajeri", kama vile mwanamke ni mtunza nyumba tu. Mzungu akimaliza kazi anapanda meli, mwanamke anabaki na watoto. Wengi wa watoto wale walinyang'anywa mama zao na serikali ya kikoloni, wakapelekwa kulelewa kwenye misioni mbali. Mwaka 2019 ndipo waziri mkuu wa Ubelgiji aliomba radhi bungeni kwa jambo hilo. Sasa weka ile harusi ya 1888 pembeni ya hayo. Padri anabariki, jina linaandikwa, watoto wanazaliwa na kuitwa Joubert, na baba yao anabaki hapa hapa. Mimi siwezi kuidharau.

Lakini vitabu vilivyoandikwa juu ya Kapiteni vinampa Agnes mistari michache tu. Kurasa na kurasa ni za baruti, barua za Kardinali na ushujaa wa Zouave. Agnes anaonekana mlangoni, halafu mlango unafungwa. Ndiyo maana ninapendelea kuiita hadithi yake yeye. Yule Mfaransa aliweza kudumu Mrumbi kwa sababu aliingia katika nyumba ya mtu, akawa na shemeji na wakwe, akala chakula cha mke wake. Bunduki peke yake haimfanyi mgeni kuwa mwenyeji. Muulizeni mtu yeyote aliyeoa mbali na kwao.

Miezi sita baada ya harusi, shaka na hofu zikaanza. Mwezi wa 8 mwaka 1888 watu wa pwani, upande wa Tanzania ya leo, waliinuka kuwapinga Wajerumani. Ni vita tunavyoviita vya Abushiri. Njia ya misafara ikafungwa. Kwa mtu wa Mrumbi maana yake ilikuwa rahisi na mbaya: hakuna baruti, hakuna nguo, hakuna dawa, hakuna barua. Na katika ziwa alikuwako Muhammad bin Khalfan, anayejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji. Watu wake walizunguka kando zote za ziwa wakitafuta pembe na watumwa.

Fikirieni ile nyumba. Mume ana bunduki kadhaa na risasi za kuhesabu. Mke ana ujauzito au mtoto mgongoni. Kila jioni wanaangalia ziwa kama kuna matanga. Watu waliokimbia vijiji vilivyochomwa wanafika na kuomba mahali pa kulala, na kila anayefika ni mdomo mwingine wa kulisha. Ulaya, Lavigerie anazunguka Paris, London na Brussels katika ule mwaka wa 1888 akihubiri juu ya utumwa, makanisa yanajaa, pesa zinachangwa. Lakini mahubiri hayana miguu. Kati ya Brussels na Mrumbi kulikuwa na bahari na miezi ya kutembea.

Msaada ulifika Oktoba 1891: msafara wa shirika la Ubelgiji la kupinga utumwa, chini ya Kapiteni Jacques. Miaka mitatu na zaidi tangu njia ifungwe! Mwisho wa mwaka ule Jacques akaanzisha kituo cha Albertville, ndio mji wetu wa Kalemie. Vita vikaendelea ng'ambo hii ya ziwa mpaka Rumaliza aliposhindwa mwanzoni mwa 1894, na bendera iliyobaki juu ikawa ya Leopold. Hapo ndipo hadithi inapoacha kuwa tamu, kwa sababu sisi tunajua ile bendera ilileta nini. Watu waliookolewa kwenye kamba ya mfanyabiashara walikutana na kiboko cha serikali. Joubert hakuchora mpango ule, lakini alilinda mlango ambao ulipitia.

Sasa tuje kwenye dhahabu, kwa sababu najua wengine munasoma kwa ajili yake tu.

Dhahabu ya Kapiteni haikuweko, na sababu ni ya kawaida kabisa. Miaka ya 1880, huku ziwani hakukuwa na mtu wa kupokea sarafu ya dhahabu. Ungeinunulia nini? Feza ya wakati ule ilikuwa nguo za merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba. Mapadri walinunua unga kwa nguo, walilipa wapagazi kwa nguo, walikomboa watoto watumwa kwa nguo na shanga. Sanduku la dhahabu lingekuwa mzigo wa bure kichwani mwa mpagazi kutoka pwani. Ile "hazina" ya misioni ilikuwa ghala la vitambaa, na vitambaa vinaliwa na mchwa. Zile shanga mbili za buluu tulizotupa pembeni usiku wa pili, zile ndizo zilikuwa feza yenyewe! Tulikuwa tumeishika mkononi tukaitupa.

Basi uvumi wa dhahabu ulitoka wapi? Mimi naona umekuja baadaye, na vita vya 1914–1918. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, ilikuja kupiga mdomo wa mto Lukuga, pale Kalemie. Mwaka 1916 askari wa Force Publique, baba zetu, walivuka wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Mwaka ule ule Wajerumani wa Tabora walikuwa wametengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli, na tembo amechorwa juu. Meli yao kubwa, Götzen, waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma mwezi wa 7, na Waingereza wakaja kuiinua baadaye. Inaitwa Liemba mpaka leo. Ona: dhahabu ya kweli, meli iliyozamishwa ya kweli, Wazungu wanaokimbia wa kweli. Askari akirudi nyumbani na habari kama hizo, zinavuka ziwa pamoja naye, na baada ya miaka zinaingia katika nyumba ya Mzungu yeyote wa zamani. Ng'ambo, Tanzania, watu bado wanafukua mali ya Mjerumani. Huku kwetu tukampa Kapiteni.

Lakini musidhani hakuna hazina iliyotoka Mpala. Iliyotoka ipo, na tunajua hata aliyeichukua.

Desemba 1884, kabla Joubert hajafika, watu wa Storms walishambulia boma la chifu Lusinga, mkubwa wa Watabwa aliyekataa kuinama. Lusinga hakuwa malaika. Yeye mwenyewe alikamata watu na kuwauza. Walimuua, wakamkata kichwa. Storms alichukua fuvu la Lusinga mpaka Ubelgiji, pamoja na sanamu ya mti ya ukoo wake, moja ya kazi nzuri kuliko zote za wachongaji Watabwa. Sanamu ilipamba nyumba ya Storms Brussels, halafu mjane wake akatoa vitu vyake kwa jumba la makumbusho la Tervuren. Fuvu likawekwa katika mkusanyo wa mifupa, kama vile si la mtu mwenye jina na watoto. Storms alijengewa sanamu yake Brussels, ikasimama miaka mingi, mpaka ikaondolewa mwaka 2022.

Basi tulikuwa tunafukua shimo pasipo na kitu, na kile chenye thamani kiko Ulaya ndani ya kioo, kina namba, kila mtu anajua mahali kilipo. Hakihitaji mashine inayolia. Kinahitaji watu waliosoma, wanaoweza kuandika barua, kujua sheria, kusema jina la Lusinga mbele ya mkurugenzi bila kutetemeka. Watu kama sisi tunaosoma hapa.

Na iko hazina nyingine ambayo haikuondoka. Shule ya misioni ya Mpala ilipokea kijana Mtabwa, Stefano Kaoze. Mwaka 1910 maandishi yake juu ya fikra za Wabantu yalichapishwa, ya kwanza ya Mkongomani kwa Kifaransa. Tarehe 21 Julai 1917, pale Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, alipewa upadri na kuwa padri wa kwanza Mkongomani. Joubert alikuwa bado hai, mzee wa miaka 75. Alikufa tarehe 27 Mei 1927, miaka 39 baada ya ile harusi na Agnes. Ufalme wa Kikristo aliotumwa kuulinda haukuweko tena hata kwenye ramani. Alibaki mke, watoto, majirani na kijiji.

Ninarudi kwa baba mukubwa. Alizeeka bila mtumbwi. Siku moja, mimi tayari niko na diploma, nilimweleza mambo yote haya: nguo, shanga, rupia za Tabora. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia, "Mutoto, ule mfano wa shamba niliusoma mubaya. Mimi niliuza shamba ili nipate shimo." Akacheka, na mimi nikacheka naye, lakini mama mukubwa hakucheka.

Nilimwendea pia yule nkambo kabla hajafariki. Nilitaka kujua kwa nini aliuliza "nani". Alinijibu kwamba nyuma ya ule ukuta wazee walizika watu waliofika wakikimbia vita vya watumwa, wakafa kabla hata hawajasema majina yao. Mama yake alimwonyesha pale, mama yake naye alionyeshwa. Hawana msalaba, hawana daftari. Mlinzi wao alikuwa yeye tu, na kitambaa chake begani.

Wakati wa jua uliopita nilisikia kwamba wageni wengine wamefika, na mashine mpya zaidi. Vijana wa kijiji tayari wanauza mbuzi. Nimewapigia simu wawili kati yao. Mmoja alinikatia, mwingine alisema atafikiri.

Ndio sababu nimeandika leo. Ninyi wa Kalemie, wa Moba, wa Kirungu, wale muko na wazee bado: kaeni nao na kalamu. Ulizeni nani amelala wapi. Ulizeni jina la bibi wa kila bwana anayesifiwa. Na kama mtu atawaletea ramani, mumuulize kwanza swali la nkambo.